Watafiti wa mazingira wanarudi tena kijijini: tuwapokee au tuwadai kwanza?

Mwana wa Msimbati
Wakuu, salaam. Mtendaji ametusomea barua: wiki ijayo wanakuja watafiti wa chuo kikuu, na safari hii si wa samaki peke yao. Yupo wa bahari, wa udongo, wa uchumi na wa mambo ya jamii, wote gari moja. Wanataka kuangalia mazingira na maisha yetu kwa pamoja: miamba, mikoko, korosho, mpaka kuni za kupikia. Sisi tangu mwaka 2000 tuko ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay, kwa hiyo madodoso tumeyazoea kuliko mvua. Waliopita waliandika majina, wakapiga picha, wakaahidi matokeo yatarudi. Huu mwaka wa nne, hata karatasi moja haijabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Tuwapokee, au kwanza walete ya wenzao waliotangulia?

Korosho Ghafi
Wadaini. Na posho juu.

Mwanafunzi wa Ikolojia
Mkuu, mimi ni mmoja wa hao mnaowasema, ingawa simo kwenye gari hilo. Hasira mnayo haki nayo, lakini kuja pamoja ndiyo dawa yenyewe. Chukua salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea atakwambia bila salfa ugonjwa wa ubwiriunga unakausha maua, hupati kitu. Kweli. Mtaalamu wa udongo atakwambia salfa ikianguka chini inageuka tindikali, ardhi inachachuka mwaka hadi mwaka, na muhogo uliopanda chini ya mkorosho unaonja. Kweli pia. Mchumi naye atauliza mkulima atalipaje ada ya shule asipopuliza. Wakija kila mmoja na safari yake, mnabaki na majibu matatu yanayogombana. Ila na wakulima wengine mjirekebishe, mnapuliza salfa kama poda ya mtoto.

Mpulizaji wa Tandahimba
Poda ya mtoto? Kijana, umewahi kubeba bomba mgongoni? Tunaamka saa kumi alfajiri, upepo umelala na umande upo kwenye majani ili unga ushike. Jua likichomoza na upepo ukianza, umekwisha, unampulizia jirani bure. Mfuko kilo 25, unaufuata kwa foleni, halafu niumwage kama poda? Anayemwaga ni nani, mtu akili hana? Njoo Juni ukae nami wiki moja, macho yakuwashe, halafu ndipo uandike hiyo ikolojia.

Mwanafunzi wa Ikolojia
Mzee wangu, shikamoo. Sikusema wote.

Mpulizaji wa Tandahimba
Marahaba. Umesema "mnapuliza". Kiswahili tunakijua.

Mama wa Bamvua
Na mimi niseme. Waliokuja mara ya mwisho walifika siku ya bamvua, maji yanapokupwa na kujaa kuliko siku zote. Sisi wanawake pweza tunamfuata miambani maji yanapopwa, na maji hayamngoji mtu. Nilikalishwa chini ya mwembe nikaulizwa maswali mpaka maji yakaanza kujaa. Swali mojawapo: "Kwa siku moja unapata kilo ngapi za pweza?" Siku ile nilipata sifuri kwa sababu yao. Sijui waliandika ngapi. Halafu majibu hayohayo ndiyo yanakwenda kusema mwamba gani ufungwe, tusivue pweza, na kwa miezi mingapi.

Mmwera Halisi
Poleni, lakini hii si habari ngeni huku kusini. Babu zetu walibeba mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale wa kilima cha Tendaguru kichwani, siku nne kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, enzi za Majimaji. Leo mjusi amesimama Berlin anakusanya viingilio. Utafiti maana yake ni hiyo: wewe unabeba, mwenzio anaandika.

Korosho Ghafi
Hapo umegonga penyewe. Mjusi arudi!

Mgeni wa Masasi
Akirudi mtamweka wapi? Ghala la korosho?

Mmwera Halisi
Ghala la korosho lina kasoro gani? Mbona hela zake mnazila?

Mwalimu Mstaafu, Nachingwea
Vijana, tupange miaka vizuri kabla ya kupandishiana sauti. Majimaji ni 1905 hadi 1907. Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913, yaani watu wametoka vitani na njaani wakapewa mizigo ya mifupa. Yule mkubwa alisimamishwa Berlin mwaka 1937, ana zaidi ya mita 13 kwenda juu. Wala si Berlin tu: Waingereza nao walikuja kuchimba palepale miaka ya 1920, ya kwao ikaenda London. Na si mjusi, ni dinosaria, ila jina la mjusi limeshazoeleka, siwezi kupigana nalo.

Anayenisikitisha zaidi ni Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji kwa upande wetu. Mwaka 2007 wanasayansi waliipa spishi moja ya dinosaria jina lake. Waulizeni watoto wa Lindi wangapi wanamjua.

Mgeni wa Masasi
Mwalimu, heshima yako. Lakini mifupa ikikaa kule inatunzwa. Hapa ingeshakuwa mawe ya kuinjikia sufuria.

Mmwera Halisi
Huyu ni Mmakua au Mzungu? Watu wazima tunazungumza urithi, yeye anazungumza sufuria.

Mgeni wa Masasi
Ni Mmakua, na mtani wako. Jibu hoja: nani atalipia jumba, umeme, walinzi? Bungeni limeulizwa si mara moja, mifupa iko palepale.

Korosho Ghafi
Wakatwe kwenye viingilio vya miaka yote tangu 1937. Jumba litajengwa na chenji itabaki ya salfa.

Mpulizaji wa Tandahimba
Wa salfa bado namsubiri Juni.

Mwalimu Mstaafu, Nachingwea
Niwakumbushe na upande wa pili, maana mnaona kama utafiti ni wizi tu. Mimi nimekulia kwenye mabaki ya mradi wa Waingereza wa mashamba makubwa ya karanga. Mwaka 1946 wakaguzi walitumia wiki chache tu kutazama maeneo, mengi kutoka angani, na 1947 mradi ukaanza. Kongwa, kule Dodoma, udongo ukawa mgumu kama saruji na mvua haikutosha, huku kwetu msitu ukashinda matrekta. Kufikia 1951 mradi ukafutwa. Reli yake ya Mtwara mpaka Nachingwea ikaja kung'olewa. Huo ulikuwa upungufu wa utafiti, si wingi wake. Wangemuuliza mkulima mmoja wa Kigogo kuhusu mvua ya Kongwa, fedha zile zingepona.

Mmwera Halisi
Mwalimu, karanga ni za Waingereza. Tuko kwa Wajerumani sasa hivi.

Mwanafunzi wa Ikolojia
Mtafiti wa kigeni siku hizi anaombewa kibali COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, hawezi kuja tu na kubeba.

Korosho Ghafi
Na wa hapahapa anayebeba majina yetu?

Mwana wa Msimbati
Wakuu, nashukuru kwa elimu ya mjusi, lakini mimi niliuliza habari za watu wanaokuja wiki ijayo. Mtendaji anataka jibu kesho.

Mgeni wa Masasi
Waje, waulizwe kwanza mjusi yuko wapi.

Mwana wa Msimbati
Mama wa Bamvua, wewe unasemaje? Barua inasema Alhamisi saa nne asubuhi, chini ya mwembe uleule.

Mama wa Bamvua
Alhamisi ni bamvua, mwanangu. Saa nne maji yamekupwa, niko mwambani. Wakitaka waje na viatu vya kukanyagia mawe, wahesabu pweza wenyewe.