"Mama, kama huna pesa, kadi ulichukulia nini?"

Bi Mkubwa wa Tudor (aliyeanzisha uzi huu wa mjadala mtandaoni)

Nimeingia nyumbani sasa hivi, buibui sijavua, na nimeona niandike kabla hata ya kunywa maji, kwa sababu nikingoja hasira zishuke nitaanza kuwahurumia watu wasiostahili huruma. Benki yenyewe siitaji, mnaijua. Ni ile ya katikati ya mji wa Mombasa ambayo madirisha yake ya huduma yamepangwa hadi macho yachoke, lakini yenye mhudumu ni mawili, na mmoja wao kila ukimtazama ndiyo kwanza anainuka kwenda kunywa chai.

"Mama, kama huna pesa, kadi ulichukulia nini?"

Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa leo na kijana wa rika la kitindamimba wangu, mbele ya foleni nzima, kwa sauti ambayo naamini abiria waliokuwa katikati ya kivuko cha Likoni waligeuka kumtafuta huyo mama asiye na pesa.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kadi yangu ya mkopo ilikuwa ikijilipa yenyewe miaka na miaka kwa agizo la kudumu, hiyo standing oda, ambapo kila tarehe tano pesa zilitoka katika akaunti ya mshahara zikaingia kwenye kadi, benki ni hiyo hiyo na paa ni hilo hilo. Muda wa kadi ulipokwisha, wao wenyewe, bila mimi kuwaomba, walinitengenezea kadi mpya yenye nambari mpya, wakaliacha lile agizo likiendelea kuelekezwa kwenye nambari ya zamani. Kwa hiyo kila mwezi pesa zilitoka, zikaikuta kadi imekufa, zikarudi katika akaunti yangu kimya kimya, wala hapakutokea binadamu wala mashine ya kuniambia. Upande wa pili kadi mpya ikawa inahesabiwa kuwa haijalipwa: faini ya kuchelewa, kisha riba, kisha riba juu ya ile faini, na lile friji nililolinunua nikitarajia kulilipia ndani ya kipindi kisichotozwa riba likaanza kutozwa tangu siku ya kwanza, hata sasa nikilifungua kuchukua maziwa naona kama linanidai.

Kilichonitoa nyumbani ni ujumbe wa simu ulionitisha kuwa nitaorodheshwa CRB, zile ofisi zinazoweka kumbukumbu za wanaolipa na wasiolipa mikopo. Nikachukua tiketi, nikakaa, nikaitwa. Yule kijana akaandika nambari yangu, akakunja uso, kisha akakigeuza kioo cha kompyuta ili mimi na wote waliokuwa nyuma yangu tuyaone yale maandishi mekundu. Nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, pesa zipo. Fungua akaunti yangu ya mshahara, imo humo humo kwenye mashine yako." Akanijibu kwamba akaunti za mshahara ni idara nyingine. Ndipo aliponitazama kuanzia kichwani hadi viatuni na kunitamkia yale maneno.

Kama huna pesa! Pesa wamezikalia wao! Anayedai na aliyeshika pesa za kulipia ni mtu mmoja, kisha anayeulizwa kadi aliichukulia nini ni mimi.

Mama Watoto wa Bamburi

Pole sana, dada yangu. Hao mimi niliwakimbia zamani. Ukiwawekea pesa wanakuita "mteja wetu mpendwa", na ukichelewa siku moja unageuka kuwa "mama". Mimi ningeukalia ule mlango hadi meneja ashuke na kunitandikia mkeka.

Kijana wa Mwembe Tayari

Shikamoo, Bi Mkubwa. Naomba kuuliza kwa heshima zote. Pesa zilikuwa zikirudi kila mwezi, akaunti ikawa inanenepa, nawe ukawa unaitazama tu? Ulidhani ni baraka za Shaaban?

Bi Mkubwa wa Tudor

Marahaba, ingawa shikamoo yako ina miba. Maana ya malipo ya kujiendesha ni kwamba mtu apumzike asiyachunge. Kama ningekuwa na nafasi ya kukaa kila tarehe tano nikihesabu kilichotoka na kilichorudi, ningekwenda kulipa mwenyewe dirishani. Lakini hayo si hoja. Hoja ni kwamba nimeambiwa sina pesa, mbele ya watu, na kioo kikageuzwa.

Ami wa Kizingo

Mimi nilikuwa katika foleni hiyo, tiketi yangu ikifuata yako. Kwa haki ya Mungu yule kijana alisema maneno hayo na ni mtovu wa adabu, lakini hakuyasema kwa sauti kubwa. Sauti iliyofika Likoni ilikuwa yako wewe, Bi Mkubwa, ulipomwita "kinda la kunguru" na kumuuliza mama yake ni nani. Askari wa mlangoni alitoka nje kwenda kucheka.

Kijana wa Mwembe Tayari

Kinda la kunguru! Hiyo sehemu mbona haikuandikwa?

Bi Mkubwa wa Tudor

Haikuandikwa kwa sababu haihusiani na agizo la kudumu.

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi ya benki hadi nywele zikageuka rangi, na jambo hili nimeliona mara nyingi kuliko mnavyodhani. Agizo la kudumu ni maandishi tu: toa kiasi fulani, peleka nambari fulani, tarehe fulani. Nambari ikibadilika, agizo halina akili ya kuifuata kadi mpya. Mengine huwekewa tarehe ya mwisho siku ile ile ya kuandikwa, na ikifika yanakufa bila kelele, kisha mteja hugundua kwa njia ya faini. Kila kadi inapobadilishwa, agizo liandikwe upya na mteja apewe nakala yenye mhuri.

Kuhusu CRB, Bi Mkubwa asitishike kupita kiasi. Ofisi zilizopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya ni tatu, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo. Deni kwa kawaida huhesabiwa kuwa halilipiki likipitisha siku 90 bila kulipwa, na benki inapaswa kumjulisha mteja kabla ya kupeleka habari mbaya kumhusu. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka, na akiona jambo lisilo la kweli ana haki ya kulipinga. Habari hiyo si ya kuachwa ikae, kwa kuwa hubaki katika kumbukumbu miaka mitano hata baada ya deni kulipwa, na kila utakapoomba mkopo itakutangulia. Tena Sheria ya Mabenki, kifungu cha 44A kilichoanza kutumika mwaka 2007, inaizuia riba ya mkopo usiolipika kupita kiasi cha deni lililokuwapo siku mkopo ulipoharibika.

La kufanya ni kuomba taarifa ya akaunti ya mshahara inayoonyesha kila pesa iliyotoka na kurudi, kuiambatanisha na barua ya kutaka faini na riba zote zifutwe, na kuhakikisha nakala yako inagongwa mhuri wa kupokelewa. Wakikataa, malalamiko yapelekwe Benki Kuu, ambayo tawi lake la hapa mjini liko Barabara ya Nkrumah. Kwa sasa lipa kile kiwango cha chini cha malipo ya kadi kwa mkono wako, ili saa ya faini isimame wakati mnaandikiana.

Bi Mkubwa wa Tudor

Ahsante, baba, umesema kisomi na barua nitaiandika kesho. Lakini je, kuna kifungu kinachomkataza karani kukigeuza kile kioo? Maana faini itafutwa, ila yale maandishi mekundu jirani yangu wa mtaa wa pili alikwisha kuyasoma, na nilimwona akiyasoma.

Mbeba Vyuma wa Nyali

Nyinyi mnalia kwamba malipo yamekufa. Mimi yangu yamekataa kufa! Nilijiunga na ukumbi mmoja wa mazoezi huku Nyali, nikawaruhusu wanikate kila mwezi kwenye kadi, na nilipochoka nikaandika barua ya kujitoa. Wakaipokea, wakanipa na soda. Hadi leo wanakata. Nilipokwenda benki niliambiwa niende ukumbini, na nilipofika ukumbini niliambiwa niende benki. Kadi yangu ilipokwisha muda nilichinja kuku, nikijua sasa nimepona, lakini mwezi uliofuata wakakata kwenye kadi mpya ambayo sijawahi kuwaonyesha!

Mama Watoto wa Bamburi

Subhanallah. Kwa hiyo kadi mpya hujificha pale unapotaka ilipwe, na hujitokeza pale usipotaka ilipe?

Karani Mstaafu

Hilo linawezekana kabisa. Mitandao ya kadi, kama Visa na Mastercard, ina utaratibu wa kuwapelekea wafanyabiashara nambari mpya kadi ikibadilishwa, lakini agizo la kudumu la benki haliko katika utaratibu huo. Ni njia mbili tofauti.

Bi Mkubwa wa Tudor

Yaani ukumbi wa vyuma umeletewa nambari mpya ya Mbeba Vyuma, na benki iliyoichapisha yangu haina habari nayo? Na bado nikaulizwa kadi niliichukulia nini?

Ami wa Kizingo

Mwache Mbeba Vyuma. Mimi kampuni ya ving'amuzi inanikata kwa televisheni iliyoibwa. Mwizi anatazama mpira, nami nalipa.

Kijana wa Mwembe Tayari

Mbeba Vyuma, kaka, tuambie ukweli. Katika muda wote huo ukikatwa, vyuma ulivibeba hata siku moja?

Mbeba Vyuma wa Nyali

Vyuma sikubeba. Lakini nilipoona pesa haziachi kutoka, nikaanza kwenda kuoga. Nyumbani bomba letu linakohoa upepo tu, na pale maji ni ya moto, hayakatiki, na sabuni ipo. Huchukua taulo na ndoo, na huondoka na ndoo ikiwa imejaa.

Mama Watoto wa Bamburi

Na wageni huruhusiwa?

Mbeba Vyuma wa Nyali

Mwanachama huruhusiwa mgeni mmoja kwa juma. Lakini Ami alikwisha kuniwahi kwenye ujumbe wa faragha.

Bi Mkubwa wa Tudor

Na upande wa wanawake hufungwa saa ngapi?