Nina kibanda cha chakula Unguja, Ramadhani inakaribia: nifunge mchana au niweke pazia?

MsukumaWaPwani: Habari za humu wakuu. Mimi ni mama lishe, Mkristo kutoka Mwanza. Wateja wangu wengi ni mafundi ujenzi wa bara, hawafungi. Naambiwa mwezi ukiandama nisiuze kabisa mchana. Nikiuliza ni sheria ipi, huyu ananijibu desturi, yule ananitisha na polisi. Na kweli Machi 2024 walikamatwa watu 12 kwa kula hadharani. Sitaki kumkwaza jirani, ila kodi ya pango haifungi. Nipike nyuma ya pazia?

Pweza Mkavu: Mie mzawa wa hapa na nafunga. Saumu ni nia, askari haioni. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula, soma Al-Baqara aya ya 184 na 185. Mwenye hedhi ndiyo kabisa hafungi. Sasa dada wa watu akikutwa na chapati, aanze kujieleza njiani mbele ya wanaume? Hapo serikali imeingia pasipo pake. Ila pazia sikushauri, harufu ya kitunguu utaifunika na nini?

Wakili Asiye na Ofisi: Katiba ya 1977, ibara ya 19, imeweka uendeshaji wa dini nje ya mamlaka ya nchi. Mahakama ya Kadhi Zanzibar nayo ni ya Waislamu, mambo ya ndoa, talaka, mirathi. Sahani ya Mkristo haimo. Wanaotetea makamato wanasema hawamlazimishi mtu kufunga, wanalinda staha ya mwezi. Hoja hiyo siidharau, mji una watu wake. Lakini mtalii Nungwi anakula saa saba mchana ndani ya hoteli na hakuna anayemgusa, fundi anakula juu ya tofali kwa sababu hana pengine pa kulia. Amri moja, anayeshikwa ni asiye na ukuta.

Abuu wa Mtoni: Wakili, ukienda ugenini unafuata ya wenyeji. Mwezi mmoja tu jamani!

Wakili Asiye na Ofisi: Kufuata kwa hiari, sawa. Mimi nazungumzia pingu.

Bi Shuwari: Mtamponza mwenzenu kwa katiba zenu. Dada, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani kwako, kabla mwezi haujaandama, kisha baraza la manispaa waliokupa leseni. Waulize kuhusu kupika na kufungasha bila mtu kukaa kula. Wakikubali, omba maandishi, maana askari wa zamu hajui mliongea nini. Halafu jioni ndiyo kuna pesa: muhogo wa nazi, tambi, kaimati. Hao mafundi wako nao watakuja, na hata anayefunga atanunua.

MsukumaWaPwani: Asante Bi Shuwari, kwa sheha nitaenda. Kaimati sijui kupika. Kuna wa kunifundisha?

Pweza Mkavu: Njoo PM, mke wangu anauza.