Tupeane uzoefu: jaribu hukujia saa ngapi, nawe hujilinda vipi?

Mwanzisha mada
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Petro aliyetuandikia kwamba Ibilisi "kama simba angurumaye, huzunguka-zunguka, akitafuta mtu ammeze" (1 Petro 5:8) ndiye yule yule aliyeulizwa kule Gethsemane, "Hukuweza kukesha saa moja?", na kabla jogoo hajawika akamkana Bwana wake mbele ya kijakazi. Mazungumzo yetu mengi juu ya Shetani hujaa ndoto, majini na wachawi, ilhali wengi wetu hunaswa katika mambo ya kawaida kabisa, saa zile zile na mahali pale pale. Ningeomba kila mmoja aeleze ni wakati gani hasa jaribu humjia, na ni ulinzi gani umemsaidia. Idadi ya siku ulizofunga tuiache kando.

Afisa manunuzi, Dodoma
Kwangu halikuja likiitwa rushwa. Mzabuni alishinda kwa haki, akafanya kazi vizuri, akalipwa, kisha akaja na bahasha akisema ni shukrani tu, nako kulikuwa katikati ya Januari, ada za watoto zikidaiwa. Hapo nilielewa kwa nini mjaribu alimwendea Yesu alipokuwa ameona njaa, na kwa nini baadaye alimnukulia Zaburi ya 91: mtu mwenye shida huhitaji sababu inayofanana na haki, naye huipata upesi. Bahasha niliirudisha. Tangu hapo sionani na mzabuni nikiwa peke yangu, na mke wangu anaujua mshahara wangu wote, hivyo fedha isiyo na maelezo ikiingia nyumbani ni lazima itaulizwa. Ofisini wapo wanaoniona mwenye maringo. Nimewaacha waone hivyo.

Muuguzi, Songea
Tumsifu Yesu Kristo. Mwenzangu amezungumzia fedha. Mimi jaribu langu ni ulimi. Zamu ya usiku ikifika saa tisa, wodi ya wazazi ikiwa imejaa na ndugu wa mgonjwa akigonga mlango tena na tena, maneno ya kuumiza hunijia yakiwa yamepangwa tayari. Sisi Wakatoliki, katika Sala ya mwisho wa siku ya Jumanne, tunasoma maneno hayo hayo ya Petro, na mwanzoni mwake tunapewa nafasi ya kuchunguza dhamiri. Mimi uchunguzi huo huufanya kabla ya kuingia zamu, nikijiuliza kama nimelala, kama nimekula, na kama nina kinyongo na mtu yeyote nitakayefanya naye kazi usiku huo. Msicheke hilo la kula: Eliya alipoomba afe, malaika hakumhubiria, bali alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Dereva wa lori, Mbeya
Adui yangu ni foleni ya Tunduma. Unakaa mpakani huna la kufanya, posho iko kwenye simu, na vijana wote wanaokuzunguka wanabeti. Nilikuwa nikikemea kwa sauti ndani ya kabini ya lori, huku kidole kikiendelea kutafuta timu. Kilichonifaa ni mfano wa Yusufu, ambaye hakubaki kubishana na mke wa Potifa, bali aliacha vazi lake mkononi mwake akakimbia. Siku hizi posho ikiingia naituma nyumbani, nabakiza ya chakula, na ninasafiri na simu ya kitochi.

Mzee, Bukoba
Wanangu, uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kutufikia Buhaya ulitufundisha kutembea nuruni. Ndugu walikutana, na kila mmoja alisema wazi kinachomnyemelea, kabla hakijawa habari ya kijiji kizima. Mimi nimekulia katika mikutano hiyo, na sitawaficha kwamba wako waliogeuza ungamo kuwa maonyesho, tena wako waliotoka nje na siri za wenzao. Ndiyo maana naona watu wawili au watatu waaminifu wanatosha. Kijana dereva, simu ya kitochi ni jambo jema, lakini ni nani anayekuuliza kama ile nyingine kweli imebaki nyumbani?

Dereva wa lori, Mbeya
Shikamoo mzee. Hakuna. Utingo wangu ni mlokole, nitamwomba yeye, ingawa kuulizwa na kijana niliyemzidi umri hakutakuwa rahisi.

Mchangiaji, Nairobi
Nakubaliana nanyi, lakini tusisahau kwamba kushindana kwetu si juu ya damu na nyama (Waefeso 6:12). Mikesha ya maombi ina kazi yake.

Mwanzisha mada
Sikatai, ndugu yangu. Ila katika sura hiyo hiyo ya Waefeso, silaha ya kwanza kutajwa ni kweli, iliyofungwa viunoni, na ndiyo hiyo mzee anaizungumzia. Jambo moja nimeliona: wote waliochangia wamesimulia njaa, uchovu na kungoja. Daudi hakuwa katika hali hizo. Kitabu cha Samweli chasema ulikuwa wakati wafalme watokapo kwenda vitani, naye amebaki Yerusalemu, akaondoka kitandani wakati wa jioni na kutembea juu ya dari ya jumba lake, na hapo ndipo alipomwona mke wa mtu, akaanguka. Wastaafu na wenye biashara zilizotulia, hamjasema kitu bado; raha huwajaribu vipi?