Kondoo wanaohama majira ya kuchipua huko Hispania

Ndugu zangu, nimesoma kwamba wafugaji wa Extremadura huwaswaga kondoo wao hadi milima ya León majira ya kuchipua yanapokwisha. Je, hupita wapi, ilhali nchi imejaa mashamba na barabara?

Jibu la 1:
Ndugu muulizaji, wanazo njia zao za kisheria ziitwazo cañadas. Mfalme Alfonso wa Kumi alikitambua chama cha wafugaji, Mesta, mwaka 1273, na njia kuu zikapewa upana wa takriban mita 75. Mesta ilivunjwa mwaka 1836, lakini sheria ya mwaka 1995 inazilinda njia hizo kama mali ya umma, jambo ambalo kwangu ni la busara kubwa, kwa kuwa kondoo husambaza mbegu za mimea kwa sufu na kinyesi chao.

Jibu la 2:
Niongeze sababu ya safari yenyewe: jua la Extremadura huanza kukausha nyasi wakati theluji ya milimani inayeyuka na kuacha malisho mabichi. Kundi hulindwa na mbwa wakubwa waitwao mastín, ambao huvishwa kola ya chuma yenye miiba ili mbwamwitu akiwarukia kooni ajichome mwenyewe.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Je, bado wanatembea kwa miguu?

Jibu la 2:
Wachache tu, ndugu yangu. Wengi sasa hutumia malori, nami nasikitika, maana njia isiyokanyagwa humezwa na vichaka.