Je, fedha za umma zivinunulie viwanda vidogo mifumo ya kompyuta?

Naomba tujadili iwapo serikali zitumie fedha za umma kuvinunulia viwanda vidogo kompyuta, programu na mashine za kuunganishwa na mtandao, kwa hoja kwamba kiwanda kisichoikumbatia teknolojia ya habari hakitadumu. Wanaounga mkono wanasema muda unayoyoma na kwamba mwenye kiwanda mdogo hawezi kuubeba mzigo huo peke yake. Wanaopinga wanasema karakana ya mafundi kumi haina haja ya mifumo hiyo, kwani kinachoiangamiza ni uhaba wa mtaji, riba kubwa na ushindani wa bidhaa zinazozalishwa kwa wingi. Msimamo wangu ni kwamba teknolojia ya habari inaweza kweli kukiokoa kiwanda kidogo, lakini ruzuku ya kununulia vifaa ni njia mbaya ya kuifikisha, kwa kuwa humfunga mwenye kiwanda kwa muuzaji mmoja kabla hajajua anataka kupima nini.

Jambo la namna hii limewahi kutokea. Kituo cha umeme cha Edison cha Pearl Street, New York, kilianza kazi mwaka 1882, lakini viwanda vya Marekani havikuona ongezeko kubwa la tija kutokana na umeme hadi miaka ya 1920. Mwanahistoria wa uchumi Paul David alilichambua suala hilo mwaka 1990, miaka mitatu baada ya mchumi Robert Solow kusema kwamba zama za kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa katika takwimu za tija. Viwanda vingi vilivyotangulia kupokea umeme viliondoa injini ya mvuke na kuweka mota moja kubwa mahali pake, huku shafti ndefu za darini na mikanda yake zikiendelea kuzungusha mashine zote kwa pamoja. Faida ilikuja baadaye, kila mashine ilipopewa mota yake, sakafu ikapangwa upya kwa kufuata mwendo wa kazi, na mashine moja ikaweza kuzimwa bila kuzisimamisha nyingine. Kiwanda kinachopewa programu ya kusimamia uzalishaji huku utaratibu wake wa kazi ukibaki ule ule kimewekewa mota kubwa chini ya shafti za zamani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili, maana ugonjwa ninaoona unatajwa kidogo mno ni kutojua gharama halisi ya kila oda. Chukulia mashine ya kukereza chuma inayohitaji saa tatu za maandalizi kabla ya kipande cha kwanza kutoka. Oda ya vipande 20 hubeba dakika tisa za maandalizi hayo kwa kila kipande, ilhali oda ya vipande 600 hubeba sekunde 18 tu. Mwenye kiwanda akitoza bei moja kwa kipande katika oda zote mbili, faida ya oda kubwa itamezwa na oda ndogo, naye atashangaa kuona mafundi wana kazi kila siku na fedha hazitoshi kununua malighafi. Dawa yake ni lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta la kukokotolea hesabu, lenye safu chache: saa za maandalizi, saa za uzalishaji, malighafi iliyotumika, vipande vilivyoharibika na bei iliyolipwa. Linaweza kuendeshwa kwenye kompyuta kuukuu, na baada ya miezi michache litamwonyesha mteja gani anamlisha na mteja gani anamla. Kwa kuwa hakuna anayepata kamisheni kwa kuliuza, ni nadra lipewe nafasi katika mipango ya ruzuku, na jambo hili linanisikitisha sana.

Wanaounga mkono ruzuku wana hoja nzito kuhusu bei, nami naikubali. Hataza (haki ya kipekee ya uvumbuzi) ya msingi ya njia ya kuchapa vitu kwa plastiki iliyoyeyushwa, iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Stratasys, ilipomalizika mwaka 2009, printa za aina hiyo zilishuka bei kwa kasi, na karakana ndogo zikaweza kutengeneza sampuli zilizokuwa zikiagizwa kwa gharama kubwa. Lakini bei ya kuanzia ni tofauti na gharama ya kuendelea. Mwaka 2016 Autodesk, kampuni ya programu za uchoraji wa kiufundi, iliacha kuuza leseni mpya za kudumu kwa programu zake nyingi, na watumiaji wapya wakawa walipaji wa ada ya kila kipindi. Mashine ya kukereza hudumu miaka 30 ikitunzwa vizuri, lakini programu endeshi ya kompyuta inayoiongoza haidumu hivyo: Windows XP ilikoma kupata huduma mwaka 2014, Windows 7 mwaka 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 2025. Mashine iliyonunuliwa mwaka 2001 imeshuhudia zote tatu zikizaliwa na kustaafishwa, na bado inakata chuma sawasawa.

Kompyuta iliyopitwa na wakati ikiunganishwa na mtandao huwa mlango usio na komeo. Machi 1, 2022, Toyota ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 nchini Japani kwa sababu msambazaji wake wa vipuri, Kojima Industries, alikuwa ameshambuliwa na wadukuzi waliopenya kupitia kifaa cha mawasiliano ya mbali cha kampuni yake tanzu. Toyota ilianza tena kazi siku iliyofuata. Karakana ndogo isiyo na nakala rudufu za mafaili yake huenda isifunguliwe tena. Kinyume chake, kampuni ya alumini ya Norsk Hydro ya Norwe iliposhambuliwa Machi 2019, ilikataa kulipa fedha iliyodaiwa na ikaendesha sehemu ya kazi zake kwa mikono na karatasi, kwa kuwa walikuwapo watu waliojua kufanya hivyo. Wanaotaka karatasi na ujuzi wa mkono vifutwe kabisa walitazame tukio hilo kwa makini.

Kwa upande mwingine, wanaosema karakana haihitaji teknolojia wanasahau kwamba vipimo vilivyomo kichwani mwa fundi mmoja huondoka naye siku anapoondoka. Kumbukumbu zilizoandikwa vizuri ni mali, kama mashine zenyewe.

Basi fedha za umma ziende wapi? Ningezipeleka kwanza kwa washauri wanaotembelea viwanda na kukaa humo siku kadhaa, kama Marekani inavyofanya kupitia mpango wa Manufacturing Extension Partnership ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1988. Pili, kwenye mafunzo ya programu huria, mathalani FreeCAD kwa uchoraji na LinuxCNC kwa kuongoza mashine, ambazo hakuna muuzaji anayeweza kuzizima. Tatu, kwenye sheria, na pengine hili ndilo kubwa kuliko yote. Sheria ya data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Septemba 12, 2025, inampa mtumiaji wa mashine iliyounganishwa haki ya kupata data inayozalishwa na mashine hiyo, na kuanzia Januari 12, 2027 inapiga marufuku ada za kuhama kutoka mtoa huduma mmoja wa wingu, yaani wa kuhifadhi na kuchakata data mtandaoni, kwenda mwingine. Haki kama hiyo haihitaji bajeti ya ununuzi, na inamfaa mwenye mashine moja sawa na mwenye mashine elfu.

Linabaki suala gumu la mnunuzi mkubwa anayemlazimisha msambazaji mdogo kutumia mfumo fulani kama sharti la kupewa oda. Hapo ruzuku ya muda naweza kuikubali, ilimradi mnunuzi huyo naye achangie, kwa kuwa faida ya kwanza ni yake. Nanyi mnaotetea ununuzi wa vifaa kwa jumla, nawaomba mtujibu: ruzuku ikiisha na ada ya mwaka unaofuata ikidaiwa, nani atailipa, na kiwanda kikishindwa kuilipa, kumbukumbu za oda na vipimo vyake zitabaki mikononi mwa nani?