Wewe wa Noah ya kijivu, "kibao cha wageni" ndo nini?

Wadau wa Mtwara, naandika mikono inatetemeka. Yule jamaa wa Noah ya kijivu, msijifanye hamumjui, Shangani mpaka Mikindani mnamjua, asubuhi hii katokea njia ya ndani kuingia barabara kubwa, kibao chekundu cha pembe nane, kile cha kusimama, hiki hapa, hakusimama hakupunguza, kapiga honi tu akaingia, yaani kwake honi ndo breki! Mimi nipo barabara kubwa na pikipiki nimempakia mama mkwe, nikakwepa, kikapu kikaruka, mama wa watu anainama katikati ya lami anaokota mng'oko, vile viazi vya porini, mmoja mmoja khanga inamfunguka. Jamaa akashusha kioo, nikajua anaomba radhi. Kasema, "Mzee, hicho kibao cha wageni."

Cha wageni!!! Mbele ya mkwe wangu!

Kibao mtu wa ng'ambo ya Ruvuma anakiona. Kimepewa pembe nane makusudi, hata ukikikuta kwa nyuma ukitambue. Sio kile cha pembetatu iliyopinduliwa, kile unapunguza, njia ikiwa wazi unapita. Hiki tairi zinasimama kabisa kabla ya mstari mweupe, hata barabara iwe tupu, unaangalia, waliopo barabara kubwa wanapita ndo uingie. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya 1973, yeye hata hajazaliwa, leo ananiambia cha wageni. Sisi wenyeji tugongwe tu?

kuchele_daima: Pole mkuu ila mkwe na kikapu juu ya pikipiki 😂😂 helmeti alivaa?

Mleta uzi: Alivaa! Usihamishe mada. Kasema CHA WAGENI.

binti_mikindani: Huyo huyo! Mimi nipo kwenye zebra na mtoto mkononi, kapita, nimepiga kelele ananipungia mkono kama mgombea.

babu_korosho: Mkisimama napo mnagongwa nyuma. Mimi nilisimama pale, bajaji ikanivaa, dereva ananiuliza umesimama nini na trafiki hayupo.

mwana_masasi: Trafiki wako vichakani na tochi za kupima spidi. Ukizidi hamsini kidogo tu elfu thelathini imeondoka, kwenye kibao humkuti mtu.

Mleta uzi: Jamani mkwe wangu kaokota ming'oko barabarani mnaongelea tochi??

jirani_wa_bandari: Mnalilia Noah, njooni mlale huku kwetu yanakopita malori ya makaa ya mawe yakienda bandarini, usiku kucha bati linalia, ukiamka ndoo ya maji ina weusi juu.

babu_korosho: Makaa afadhali. Vumbi la kwenda Newala ulishawahi kulila wewe?

binti_mikindani: Samahani mkuu, hiyo ming'oko mmeitoa wapi? Sokoni siioni.

kuchele_daima: Wahi Feri asubuhi, kuna mama anauza iliyochemshwa kabisa na pilipili yake.