Naomba ushauri: tuanze na filamu gani?

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Niko Kondele, Kisumu. Mwezi ujao mzee wetu anatimiza miaka 70 na zawadi anayotaka ni moja tu: tumwekee uani filamu alizozipenda. Orodha ameiandika nyuma ya risiti ya unga: Sholay (1975), Enter the Dragon (1973), Modern Times ya Charlie Chaplin (1936) na Sarafina! (1992).

Projekta nimepata ya kukodi, shuka jeupe lipo. Shida ni Sholay. Inapita saa tatu, na mzee hataki ikatwe hata wimbo mmoja! Jumapili niliwajaribishia wajukuu. Kufika dakika ya 40 wote walikuwa wamelala mkekani. Ajabu, ile ya Chaplin, isiyo na rangi, waliicheka hadi wakashika mbavu, hasa pale mashine ya kulisha wafanyakazi inapommwagia supu.

Sasa nisaidieni: nitangulize Chaplin watoto wakiwa macho, au Sholay kwa heshima ya mzee? Na nani anajua nitakapopata Sholay iliyosimuliwa kwa Kiswahili, mtindo wa DJ Afro? Mama hawezi kusoma yale maandishi ya chini, macho yamechoka.